Kupenda, Kutaka na Kukomboa: Historia ya Neno Moja kwa Mfano wa Karema

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alipata kutuuliza kama alifanya sawa alipokata kwa wino mwekundu maneno "mapenzi ya mama kwa mwanawe" katika insha ya mwanafunzi, akaandika juu yake "upendo". Hoja yake ilikuwa kwamba mapenzi ni neno la wachumba, na upendo ndilo neno la watu wengine wote. Hatukumjibu siku ile, kwa kuwa tulitaka kwanza kuitazama historia ya maneno hayo mawili. Tangu hapo tumeona kwamba swali lake si dogo. Mfasiri anayetafsiri hotuba, karani anayeandika hati ya ridhaa, na mwalimu anayesahihisha madaftari, wote hukutana na mzizi huu mmoja wa kupenda, na kila mmoja huudai kazi tofauti.

Makala haya ni jibu letu. Na kwa kuwa maneno huishi mahali, katika vinywa vya watu, tumechagua mahali pamoja pa kuyatazamia. Mahali penyewe ni Karema, mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi uliotengwa na Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Msomaji atauliza: kwa nini Karema, na si Lamu, Mombasa au Unguja, ambako mashairi ya mahaba yalitungwa kwa karne nyingi? Tumepachagua Karema kwa sababu huko swali la kupenda halikuwa la washairi peke yao. Lilikuwa swali la watu walionunuliwa, wakauzwa, wakakombolewa, kisha wakatakiwa waishi kama watu wenye hiari yao.

Karema na watu wake

Karema iliingia katika vitabu vya wageni mwaka 1879, pale Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika, alipojenga hapo kituo. Chama hicho kilikuwa kimeasisiwa mjini Brussels mwaka 1876 kwa shauri la Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, shirika la Kardinali Lavigerie, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Boma la askari likageuka kuwa misheni. Baadaye Karema ikawa makao ya jimbo la Kanisa Katoliki, na jina la Jimbo la Karema likadumu hadi mwaka 1969, lilipogeuzwa kuwa Jimbo la Sumbawanga.

Nyakati zile misafara ya watumwa ilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, ikapita katika nchi hizi kuelekea Tabora na pwani. Mapadre walikomboa watu, wengi wao watoto, kwa kuwalipia bei, wakawalea na kuwakalisha katika vijiji vya misheni. Watu hao hawakuwa wa kabila moja wala wa lugha moja. Waliwakuta wenyeji wa Karema, Wabende, na jirani zao Wafipa na wengineo. Na Kiswahili, kilichokuwa kimefika ziwani pamoja na misafara ile ile, kikawa chombo cha kusemezana baina yao.

Mganga wa Karema naye alikuwa mtu aliyekombolewa. Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi inayoitwa Mali siku hizi. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na mapadre, kisha akapelekwa Malta kusomea uganga. Alifika Karema mwaka 1889 na kutibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956, yaani zaidi ya miaka 60 ya kazi. Alioa huko huko, na mwanawe akapata upadre. Habari za maisha yake alizieleza mwenyewe katika masimulizi yaliyochapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Tumemtaja mtu huyu kwa sababu maisha yake yanatupa maneno matatu ambayo msomaji atayahitaji katika makala haya yote. La kwanza ni mtumwa. Kwa umbo lake, neno hili ni mtu atumwaye, mtu ambaye nia iko kwa mwingine na miguu iko kwake. La pili ni kukomboa, ambalo ni kulipa ili kitu au mtu arudi. Hata leo twasema kukomboa rehani. La tatu ni kupenda. Mtumwa hutumwa, na mtu huru hupenda. Katika Kiswahili kauli hiyo haina fumbo lolote, kama tutakavyoonyesha.

Mzizi na matawi yake

Tuanze na sarufi, maana wengi huruka hatua hii. Kitenzi penda huzaa majina kwa njia zile zile ambazo kitenzi tenda huzaa yake. Kutoka tenda tunapata tendo na matendo. Kutoka penda tunapata pendo na mapendo. Kutoka tenda tunapata mtenzi na utenzi. Kutoka penda tunapata mpenzi na mapenzi. Sauti d imegeuka z kwa sababu ya irabu i iliyoifuata, kama ilivyogeuka katika linda, mlinzi na ulinzi. Basi pendo na mapenzi ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna katika maumbo yao jambo lolote linalosema kwamba mmoja ni wa kanisani na mwingine wa faraghani. Upendo nalo ni pendo lililovikwa kiambishi cha u, ambacho hutupa majina ya hali na sifa, kama vile utu, uzuri na uzee.

Kutoka mzizi huo huo yametoka maneno ambayo mtumishi wa serikali huyaandika kila siku bila kukumbuka asili yake. Kupendeza ni kumfanya mtu apende. Kupendekeza ni kuweka jambo mbele ya watu ili lipate kupendwa nao, na mapendekezo ya kamati ni yale ambayo kamati imeyatoa ili yakubaliwe. Kupendelea ni kuelekeza kupenda kwako upande mmoja, na upendeleo ni jina la kosa hilo likitendwa ofisini. Kupendana ni kupenda kunakokwenda na kurudi, na upendano ni hali yake. Tazama jinsi mzizi mmoja unavyogusa baraza, mahakama na nyumba.

Maana ya msingi ya kitenzi hiki ni pana kuliko hisia za moyo. Tukisema "njoo ukipenda", hatuzungumzi habari za mahaba. Tunamwachia mtu hiari yake. Tukisema "fanya upendavyo", tunampa ruhusa. Methali isemayo kwamba kipenda roho hula nyama mbichi inahusu mtu aliyechagua kwa nafsi yake na yuko tayari kuvumilia aliyoyachagua. Nayo ile isemayo kwamba ukipenda chongo utaita kengeza inaonyesha jinsi uchaguzi huo unavyotawala hata macho. Kupenda, basi, ni kuchagua pamoja na kufurahia kilichochaguliwa.

Ndiyo maana mapenzi yalibeba tangu zamani maana mbili: mvuto wa moyo, na nia au matakwa. Katika sala ya Baba Yetu, Waprotestanti hutumia neno mapenzi pale ambapo Wakatoliki hutumia neno utakalo. Watu wote wawili wanatafsiri jambo moja, nalo ni nia ya Mungu. Wa kwanza wameliendea kwa mlango wa kupenda, wa pili kwa mlango wa kutaka, na milango hiyo miwili inaingia katika chumba kimoja. Kadhalika viongozi wetu husema katika hotuba "watu wote wenye mapenzi mema", wakimaanisha watu wenye nia njema, na hakuna msikilizaji anayecheka.

Yaliyotoka kwa Waarabu

Juu ya mzizi huu wa Kibantu, Kiswahili kimepandikiza matawi mengi kutoka Kiarabu. Huba na mahaba yametoka katika mzizi wenye herufi ha na ba mbili, na katika mzizi huo wamo pia muhibu na mahabubu. Wanalugha wa Kiarabu wa kale walipenda kulihusisha neno hilo na jina la punje au mbegu, linalofanana nalo kwa herufi; na neno hilo la punje ndilo linalodhaniwa kuwa asili ya haba yetu, katika methali ya haba na haba hujaza kibaba. Ashiki limetoka katika neno la Kiarabu la mapenzi yaliyopita kiasi, ambalo wanalugha hao walilifananisha na mmea utambaao unaoushika mti hadi kuukausha. Shauku ni hamu ya kitu kilicho mbali. Hawaa ni matamanio yanayompeleka mtu kama upepo.

Maneno haya yameingia kwa adabu zake. Mahaba na huba yamekaa zaidi katika ushairi na katika mazungumzo ya wapendanao. Ashiki na hawaa yamebeba onyo ndani yake. Mapenzi, kwa upande wake, halikufukuzwa mahali popote. Waislamu husema mapenzi ya Mtume bila kuona kwamba wamelishusha jambo tukufu. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, aliita mojawapo ya tenzi zake Mapenzi Bora, na hakuona haja ya neno jingine kwa jambo aliloliheshimu. Kadhalika majarida yetu yamezoea kumwita msomaji "mpenzi msomaji", na hakuna mke aliyemlalamikia mumewe kwa sababu hiyo.

Neno jingine la Kiarabu linatuhusu zaidi hapa, nalo ni hiari. Asili yake ni kuchagua, na mzizi wake ndio ule ule uliozaa heri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Sheria haikuuliza kama wawili hao wana huba au ashiki. Imeuliza kama wamechagua. Kwa Kiswahili cha kawaida tungesema: wamependa wenyewe.

Majirani zetu wa Kibantu

Je, huu ni mchanganyiko wa Kiswahili peke yake? La. Mzizi wa -pend- una ndugu wa karibu huko pwani, kama vile kuhenza katika Kigiriama. Lakini tukienda mbali zaidi tunakuta lugha za Kibantu hazina kitenzi kimoja cha kupenda. Wanyarwanda husema gukunda, Wachewa kukonda, Wabemba ukutemwa, Wasukuma kutogwa, Wahaya kugonza, Wazulu ukuthanda, na Waluba wa Kasai kunanga. Neno la mama, neno la kula na neno la kufa hukaa katika lugha kwa miaka elfu nyingi bila kubadilika sana. Neno la kupenda hubadilishwa upesi, kana kwamba kila jamii ilitaka kulisema kwa namna yake.

Pamoja na tofauti hizo za sauti, maana hufanana. Kwagala katika Kiganda ni kupenda na pia ni kutaka. Kolinga katika Kilingala ni hivyo hivyo, na kuda katika Kishona vilevile. Mganda anayesema anataka maji na anayesema anampenda mchumba wake hutumia kitenzi kimoja, na msikilizaji hutambua tofauti kwa kile kinachotajwa. Basi mfasiri asidhani kwamba Kiswahili kina upungufu kwa kuwa kupenda kwake kunagusana na kutaka. Huo ni mwenendo wa jamii kubwa ya lugha zetu.

Ulaya nako

Aghalabu tunaambiwa kwamba lugha za Ulaya zimepanga jambo hili vizuri zaidi. Tuzitazame. Neno la Kiingereza love na la Kijerumani Liebe yametoka katika mzizi mmoja wa kale, na wanalugha wanaunganisha nao kitenzi cha Kilatini lubet, chenye maana ya "inapendeza", pamoja na neno la Kisanskriti la kutamani. Kutoka mzizi huo huo Kijerumani kimepata erlauben, yaani kuruhusu, na Kiingereza kimepata leave kwa maana ya ruhusa. Kumbe huko nako kupenda, kupendezwa na kuruhusu vilitoka shina moja, kama "ukipenda" yetu.

Wagiriki husifiwa kwa kuwa na maneno manne: eros kwa tamaa ya wapendanao, philia kwa urafiki, storge kwa mapenzi ya jamaa, na agape kwa upendo usio na choyo. Mpango huu hufundishwa mara nyingi, na una manufaa yake. Lakini maneno yenyewe hayakutii mpango huo sikuzote. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, iitwayo Septuaginta, neno la jamii ya agape limetumika hata katika habari ya Amnoni, aliyemtamani dada yake Tamari na kumtendea jeuri. Watafsiri wale hawakuona kwamba neno lenyewe ni safi au chafu. Usafi ulikuwa katika habari iliyosimuliwa.

Kilatini kiliitafsiri agape kwa caritas. Neno hili limetokana na carus, lenye maana mbili: kitu cha bei kubwa, na mtu apendwaye. Kifaransa kimezihifadhi maana zote mbili katika cher, na Kiingereza katika dear, neno ambalo Waingereza huanzia barua hata kwa mtu wasiyempenda. Sisi hatukulifasiri neno hilo katika barua za serikali. Tulichagua Ndugu, na tukafanya vyema.

Neno caritas ndilo lililoleta mzozo mkubwa Uingereza. William Tyndale alipotoa Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, aliacha neno charity lililozoeleka kanisani, akaandika love. Thomas More alimshambulia mwaka 1529 kwa hilo na kwa maneno mengine kama hayo, kwa hoja kwamba neno la kawaida mno lingeyachanganya matakatifu na ya mitaani. Tyndale aliuawa mwaka 1536 kwa kosa la uzushi. Tafsiri ya mwaka 1611 ilirudi kwenye charity katika sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Marekebisho ya mwaka 1881 yakarudi kwenye love. Ilichukua zaidi ya miaka 350 kwa neno moja kutoka, kurudi na kutoka tena. Msomaji ataona kwamba hoja ya More ndiyo hoja ya mwalimu wetu mwenye wino mwekundu.

Mapendo ya pande mbili za ziwa

Turudi Karema. Mapadre waliofika huko mwaka 1885 walikuwa wamesoma Kilatini, na wengi wao walisema Kifaransa. Lavigerie aliwataka wajifunze lugha za watu na kuzitumia. Basi walikuja na caritas vichwani, na mbele yao palikuwa na watu waliosema kupenda.

Kiswahili cha Kikatoliki kilichagua mapendo. Mkatoliki hujifunza Sala ya Imani, Sala ya Matumaini na Sala ya Mapendo. Biblia ya Muungano iliyotoka mwaka 1952, kazi ya Waprotestanti, ilichagua upendo katika sura ile ya 13. Kwa hiyo ndani ya nchi moja fadhila moja ikawa na majina mawili, na mtu mwenye sikio aliweza kutambua misheni ya msemaji kwa neno hilo tu. Wala mapendo halikuishia mwambao wetu. Ng'ambo ya ziwa, mashariki ya Kongo, mapendo ndilo neno la kawaida la watu wote, wawe katika sala au katika nyimbo za dansi, na Mapendo ni jina la kupewa mtoto. Upande wetu watoto huitwa Pendo au Upendo. Mtu anayevuka kutoka Karema huvuka pia mpaka wa kiambishi, lakini mzizi haumwachi.

Tufikirie sasa mtu aliyekombolewa, ambaye alisikia neno hilo kwa mara ya kwanza katika kijiji cha misheni. Alikuwa amewahi kuwa na bei. Msafara ulimjua kwa bei yake, na mapadre nao hawakuwa na njia ya kumtoa ila kwa kulipa. Sasa akaambiwa habari za mapendo, neno lililosimama mahali pa caritas, ambalo kwa asili yake huunganisha thamani na kupendwa. Hakuwa na Kilatini cha kuliona hilo. Alichokuwa nacho ni Kiswahili, na Kiswahili kilimpa jambo jingine: kwamba apendaye ni yule anayeweza kuchagua. Yule aliyelipiwa alijua vizuri kwamba kukombolewa si mwisho wa safari. Mtu hutolewa katika mikono ya mmoja akaingia katika malezi ya mwingine. Vijiji vya misheni vilikuwa na sheria zake, na uamuzi mwingi ulikuwa mikononi mwa mapadre. Uhuru unatimia pale mtu anapoweza kusema "napenda" na "sipendi", na neno lake likashika.

Sheria ya nchi ilichelewa kufika hapo. Wajerumani hawakuufuta utumwa wote katika koloni lao, na hali ya utumwa ilikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Ukipima miaka kutoka mwaka 1885, ni miaka 37. Katika miaka hiyo yote neno kupenda lilikuwa tayari katika lugha, likiwa na hiari ndani yake, likiisubiri sheria.

Upendo na heshima

Kuna mfano mwingine wa karibu ambao watumishi wa serikali hawana budi kuujua. Mwaka 1967, alipoandika juu ya ujamaa vijijini, Mwalimu Julius Nyerere alitaja misingi mitatu ya maisha ya jamaa ya jadi: upendo baina ya watu, mali ya lazima kuwa ya wote, na wajibu wa kila mmoja kufanya kazi. Juu ya msingi wa kwanza aliongeza tahadhari. Alisema kwamba amepata kuuita upendo, lakini neno hilo katika Kiingereza huleta picha ya mvuto mkubwa wa mtu kwa mtu, nayo yaweza kumpotosha msomaji; akaona kwamba heshima huenda ikafaa zaidi, kwa maana ya kila mmoja kuitambua nafasi na haki ya mwenzake.

Hapa tunamwona mwandishi mkubwa akifanya kazi ya istilahi hadharani. Hakuliacha neno kwa kuwa ni baya; alilipima kwa kuuliza msomaji wake ataelewa nini. Na ugumu aliouona ulikuwa wa Kiingereza zaidi kuliko wa Kiswahili. Katika Kiswahili mtu huweza kuwapenda wanakijiji wenzake mia mbili bila kudhaniwa kwamba moyo wake unapiga mbio.

Tunayopendekeza

Kwa kuwa tumefika kwenye mapendekezo, na msomaji sasa anajua asili ya neno hilo, tunaweka mbele yake haya ayapime.

Kwanza, mapenzi lisifungiwe katika maana ya wachumba. Ni kweli kwamba matumizi ya siku hizi, hasa katika nyimbo na magazeti, yamelivuta upande huo. Lakini mapenzi ya mama, mapenzi ya kazi, mapenzi ya lugha na mapenzi ya Mungu ni Kiswahili safi. Tukilifukuza huko, vitabu vyetu vya jana vitasomwa vibaya na wajukuu wetu, na Mapenzi Bora ya Shaaban Robert yatadhaniwa kuwa jambo jingine.

Pili, upendo na mapendo yatumike kama yalivyozoeleka kila mahali. Mfasiri anayeandikia Wakatoliki, au anayeandikia ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, asione mapendo kuwa kosa la kusahihishwa.

Tatu, pale maana inapokuwa ni nia au uamuzi, hati za serikali zitumie neno mahususi. Hiari ni kuchagua bila kulazimishwa. Ridhaa ni kukubali jambo lililoletwa na mwingine. Matakwa ni yale mtu anayoyadai. Utashi, lililotokana na taka kama mpishi lilivyotokana na pika, ni ule uwezo wenyewe wa kutaka. Hati ya ridhaa ya mgonjwa isiandikwe "kwa mapenzi yangu", kwa kuwa daktari na hakimu wanahitaji kujua ni lipi kati ya haya lililotiwa sahihi.

Nne, maadamu neno charity la Kiingereza siku hizi lina maana ya kusaidia wenye shida, mashirika ya namna hiyo yaitwe ya hisani au ya misaada. Na charity ya vitabu vya kale vya dini ifasiriwe upendo au mapendo.

Tano, mpango wa maneno manne ya Kigiriki usilazimishwe juu ya Kiswahili. Mwalimu anaweza kuufundisha kama habari za Wagiriki. Akidai kwamba eros ni mapenzi na agape ni upendo, atakuwa ametunga sheria ambayo hata Kigiriki hakikuifuata.

Basi jibu letu kwa mwalimu ni kwamba mwanafunzi hakukosa. Aliandika kama walivyosema wazee wake, na "mapenzi ya mama kwa mwanawe" yana kitu ambacho upendo hausemi kwa uwazi uleule: kwamba mama huyo amemtaka mtoto wake na kumchagua. Tungependa wasomaji wetu walioko mwambao wa ziwa, Karema, Kigoma na Kasanga, watuandikie jinsi kupenda kunavyosemwa katika lugha za kwao, Kibende, Kifipa, Kirungu na nyinginezo, kwa mifano ya sentensi kamili. Katika miaka ya karibuni bandari mpya imejengwa Karema, na wasafiri wanaovuka huko siku hizi hulipa nauli na kwenda kwa hiari yao. Maneno wanayovuka nayo yanastahili kuandikwa kabla hayajabadilika tena.